Shimo la moto la zege uani: la kununua lilipasuka, la kujenga lipo mpaka leo

Nianze na nyota kabisa ili asiye na muda aondoke mapema. Lile la kununua nalipa nyota moja, na hiyo moja ni ya dereva aliyelishusha bila kugonga geti. La kujenga mwenyewe nalipa nne, ya tano nitasema huko mbele imepotelea wapi.

Mi naishi Iringa, huku juu Wilolesi. Baridi ya mwezi wa sita na wa saba ya huku, watu wa Dar wanaisikia tu kwa simu, wakija wanakuja na tisheti mbili na sendo afu ikifika saa kumi na moja jioni upepo umeanza unawakuta wamejikunja kwenye kochi wamejifunika kitenge cha mwenye nyumba. Miaka ya nyuma niliendesha wageni kwenda Ruaha, na kule kambini kila jioni moto unawashwa, viti vinapangwa duara, wageni wanauita TV ya porini kwa sababu kila mtu anautazama na hakuna wa kugombania rimoti. Kazi ile niliacha ila hamu ya ule moto haikuniacha, nikawa nasema siku nikipata uwanja wangu lazima nipate na moto wangu.

Kabla ya hapo tulikuwa tunaota jiko la mkaa barazani, na shida ya jiko la mkaa ni kwamba usiku ukiingia unakuta mtu anataka kulibeba aingie nalo chumbani. Hapo huwa sina utani kabisa, mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unaua na hautoi hata moshi wa kukushtua, unalala tu ndo basi. Kwa hiyo mama watoto alivyosema tutafute kitu cha kudumu nje kisichobebeka, nikaona neno lake zito.

Tukaanza na njia ya mkato. Kuna sehemu nje kidogo ya mji wanafyatua matofali, paving, makalvati na vyungu vya maua vya zege, sitaitaja jina kwa sababu sitaki ugomvi. Walikuwa na bakuli kubwa la zege, limepigwa niru safi, kijivu inayong'aa, ukiliona unaliona kama lile la kwenye hoteli. Elfu 95 pamoja na kuniletea mpaka nyumbani. Nikauliza swali moja tu, linahimili moto? Nikajibiwa "kaka hilo ni zege, zege haliungui". Na kweli haliungui. Linafanya kitu kingine.

Jumamosi nikaita watu. Baba mdogo alikuwepo, shemeji alikuwepo, jirani na wanae. Nikapanga mabanzi ya msindano, moto ukashika vizuri, watu wakasogeza viti. Kama dakika ishirini hivi nikasikia tik, tik, nikajua ni kuni. Mara PAA! kipande kama sahani ya chai kikabanduka kwenye ukuta wa ndani, vijiwe vikaruka, kimoja kikatua kwenye koti la baba mdogo kikatoboa. Akasimama akajipangusa taratibu akaniambia, "We mtoto, umetuita kuota moto au umetuita vitani?" Watoto walikimbilia ndani. Baada ya hapo ukaja ufa kutoka mdomoni mpaka kwenye kitako, ukafunguka polepole tunautazama, bakuli likawa nusu mbili. Wenyeji wanajua Gangilonga, lile jiwe kubwa la hapa Iringa, maana yake ni jiwe linaloongea, basi na langu liliongea, tena lilifoka.

Jumatatu nikarudi pale. Yule bwana akaniuliza, "Kaka, si uliwasha moto mkubwa?" Nikamuuliza sasa kwenye shimo la moto nilitakiwa niwashe nini, mshumaa? Akacheka, akanipooza na soda, hela haikurudi. Ila katika maongezi ndo akasema kitu kilichonifungua macho, kwamba lile bakuli lilikuwa limemwagwa wiki ile ile. Siku sita! Yani nimepelekewa zege bichi nikaliwashia moto.

Nikaanza kuuliza uliza, mafundi, mwalimu mmoja wa ufundi ambaye ni rafiki wa zamani, na kusoma soma usiku. Nieleze kwa kifupi maana hapa ndo siri yote ilipo. Zege hata ukiliona kavu ndani lina maji, na likiwa changa lina mengi. Moto ukipiga upande mmoja yale maji yanageuka mvuke, na tone moja la maji likiwa mvuke linadai nafasi mara 1,600 na zaidi ya ile liliyokuwa nayo, sasa ndani ya ukuta wa sentimita nne ataipata wapi hiyo nafasi? Anatoka kwa nguvu na kipande cha ukuta. Hilo moja. Pili ni kwamba upande wa ndani unapata moto unatanuka, upande wa nje upepo wa Wilolesi unaupuliza uko baridi, ndugu wawili kwenye shuka moja kila mtu anavuta kwake, lazima shuka ichanike. Tatu ni kokoto. Kokoto zetu huku nyingi ni za mawe ya graniti, na graniti ina kwatzi ndani yake, zile punje nyeupe nyeupe zinazometa, na kwatzi ikifika joto la nyuzi 573 inavimba ghafla. Kuni zikikolea vizuri makaa yake yanapita hapo bila jasho. Na saruji yenyewe kuanzia nyuzi 400 na kitu chokaa iliyomo inaanza kuvunjika, ndo maana zege lililoungua ukilikwangua na kucha linatoka unga.

Kwa hiyo nikaamua hivi: zege libaki kuwa koti la nje, lisiguswe na moto hata siku moja. Ndani akae mtu aliyezoea. Na mtu aliyezoea moto Iringa hii anajulikana, ni tofali la kuchoma. Lile limeshapita kwenye tanuri siku kadhaa, limeshaungua mara moja, halina jipya la kuogopa. Na bei yake huku ni ya kutupa, mi nilichukua 60 kwa shilingi 150 moja. Chagua yaliyoiva, gonganisha mawili usikie yanalia kama kengele, ukisikia dup kama mlango wa mbao rudisha, hilo lilikuwa pembeni ya tanuri halikuiva.

Vipimo vyangu, kwa anayetaka kuiga: duara la nje upana mita 1 na sentimita 20, duara la ndani la zege sentimita 90, kwa hiyo ukuta una unene wa sentimita 15. Urefu kwenda juu sentimita 40. Ukishapanga tofali ndani unabakiwa na shimo la kama sentimita 66, linatosha watu wanane kukaa bila kubanana magoti.

Kalibu, yani umbo la kumwagia zege lishike duara, ndo ilinisumbua akili wiki nzima. Mwanzo nilitaka nitumie pipa la lita 200 lakini ni jembamba mno, ukishaweka tofali unabaki na shimo la kuchomea mhindi mmoja. Mbao hazikunji. Mwisho fundi ndo akanipa akili, akasema "bosi, nunua bati la flati". Bati la flati la futi 8 kwa 4 ukilikata kwa urefu mara tatu unapata vipande vitatu vya mita 2.4 kila kimoja na upana wa sentimita 40, ukiunganisha unapata zaidi ya mita 7, na duara la nje linataka mita 3.77 na la ndani 2.83. Inaingia na kubaki kidogo kwa ajili ya kupishanisha! Nilimwangalia huyu mzee nikasema kumbe hesabu zangu zote za usiku yeye anazo kichwani bila karatasi. Elfu 35 bati, likawa kitu cha gharama kuliko saruji, ila bati halipotei, unalivua unamwazima mwenzio.

Angalizo moja hapa hapa: usije ukasema bati la ndani nalo libaki tu lisaidie kuzuia moto. Bati lina mchovyo wa zinki, likiungua linatoa moshi mbaya, mtu anaweza kulala na homa. Vua lote.

Tulichora duara kwa kigingi na kamba, tukachimba kina cha kiganja, tukatoa udongo wote mweusi, tukajaza moramu na kokoto tukashindilia. Sakafu ya zege SIKUWEKA, kwa makusudi. Huku mvua zikianza mwezi wa kumi na mbili hazina mchezo, shimo lenye sakafu linageuka bwawa la vyura, nimeona kwa mtu. Langu maji yanapita chini yanaenda zake.

Tukasimamisha bati mbili, moja ndani ya nyingine, tukazipaka oili chafu ya gari upande unaogusa zege zisigande. Duara la ndani tukalijaza mchanga ili zege lisilisukume likaingia ndani. La nje fundi akapigilia vigingi sita. Nikamwambia fundi sita havitoshi, akasema vinatosha. Subirini.

Nondo niliomba vipande vya milimita 8 kwa jirani anayejenga, tukakunja miduara miwili, tukaiweka karibu na upande wa nje, mbali na moto. Lile bakuli la kununua lilikuwa na wavu wa waya sentimita moja tu kutoka usoni, nimeuona kwenye mpasuko umekaa kama mifupa ya samaki.

Sasa zege. Mifuko miwili ya saruji, ile ya nguvu ya 42.5 iliyoandikwa kwenye mfuko, elfu 17 mfuko. Uwiano moja, mbili, tatu, kwa ndoo ile ile: saruji moja, mchanga mbili, kokoto tatu. Kwa ukubwa huu inakula kama ndoo tatu kasoro za saruji, tano na nusu za mchanga, nane na kitu za kokoto, na saruji inabaki kidogo ya kuziba ufa wa choo mliyokuwa mnauahirisha. Mchanga wa mtoni uchunguze kwanza, weka kiasi kwenye chupa ya maji ya plastiki, jaza maji, tikisa, acha utulie saa nzima. Ukiona juu ya mchanga pamelala tope nene huo mchanga una udongo, unakunyonya saruji bure. Mchanga wa kwanza nilioletewa ulikuwa na tope la kidole kizima, nikamrudishia mwenye toroli akanuna.

Tuligombana na fundi sehemu moja tu, maji. Yeye anapenda zege liwe uji. Nikamwambia fundi hiyo sasa si zege ni uji wa mgonjwa, akasema "bosi ikiwa kavu inasumbua kushindilia", na ni kweli inasumbua, lakini kila maji ya ziada unayoweka ndo matundu unayojiachia baadae na ndo nyufa. Tukakubaliana ndoo moja na robo ya lita 20 kwa mfuko mzima, na mi mwenyewe nikashika kipande cha nondo nikawa nashindilia kila tabaka mpaka mapovu yanaacha kutoka, huku msaidizi anagonga bati kwa nje na nyundo ya mpira taratibu. Ukisikia sauti imebadilika kutoka tupu kwenda nzito ujue limejaa.

Na hapo ndo vigingi sita vikasema ukweli wao. Tumefika theluthi mbili ya urefu, bati la nje upande wa machungwa likaanza kutoa tumbo. Kelele! Mi nashika kwa mikono, msaidizi kakimbilia baiskeli yake akavua ule mpira wa kufungia mizigo, tukauzungusha, ukafika nusu, akaja mtoto wa jirani na mwingine, tukaunga tukakaza mara tatu kuzunguka duara lote ndo likatulia. Lakini tumbo lilibaki. Mpaka leo shimo letu upande mmoja lina mimba, nyumbani tunaita hivyo hivyo, "nani kaweka kikombe kwenye mimba?". Fundi alisema ni urembo. Kwa hiyo we piga vigingi kumi na mbili na uzungushe mpira kabla hujamwaga hata karai moja. Na ujue ukishamwaga hapo ndo hapo, lote lina uzito unaokaribia nusu tani, hakuna kusema tulisogeze kidogo chini ya mti.

Bati tukavua baada ya siku mbili. Sehemu za matundu tukapiga niru siku hiyo hiyo.

Kisha kungoja, na hapa ndo wengi wanaangukia, mimi mwenyewe ningeanguka kama isingekuwa tundu la kwenye koti la baba mdogo. Siku saba nililifunika magunia, asubuhi na jioni nalowanisha. Baada ya hapo nikaacha kabisa kumwagilia, nikaliacha lipate jua na upepo, na juu nikafunika usiku kwa turubai. Mafundi wote watakwambia siku 28, na hizo ni za nguvu, kukauka ni habari nyingine, kwa ukuta wa sentimita 15 nilikwenda mpaka wiki ya sita. Mama watoto kila jioni ananiuliza hiyo mashine yako inawaka lini.

Katikati ya kungoja nikapanga tofali. Sikutumia saruji kabisa kwenye tofali. Tulichimba udongo wa kichuguu, tukauponda, tukachekecha, tukachanganya na majivu kidogo na maji, tukaukanyaga kwa miguu mpaka unavutika kama ugali wa muhogo. Bibi zetu walijengea majiko kwa huu huu. Tofali tukayakata nusu ili yafuate duara, na kati ya tofali na zege tukaacha uwazi wa vidole viwili tukajaza mchanga mkavu na majivu. Huo uwazi usiuone ni uchafu, ndo shuka la kila mtu na lake, tofali likitanuka linasukuma majivu badala ya kusukuma zege, na joto nalo linakwamia hapo.

Moto wa kwanza nikawasha wa magunzi ya mahindi, kiganja tu, nusu saa. Kesho yake magunzi na vijiti. Siku ya tatu na ya nne nikaongeza. Siku ya kwanza tofali zilitoa mvuke kabisa, unauona unapanda mweupe kwenye viungo, nikawa nimekaa mbali kama mtu anayemuogopa mbwa wa jirani. Hakuna kilicholia. Siku ya tano nikaita watu wale wale, na baba mdogo akaja na koti lingine, la zamani, akasema hili hata likitoboka sina kinyongo.

Basi hapa naweza kulisifia. Saa tatu za moto mkali, nje ya zege unaweka mkono na unauacha, vuguvugu kama kikombe cha chai kilichosahaulika. Watoto wanalikalia, na ndo kiti kinachogombaniwa kuliko viti. Mdomo wa juu wa tofali usiguse, ule ni moto. Moto ukizimwa saa nne, saa kumi na mbili asubuhi bado majivu yana joto na paka wawili wamelala pembeni. Viazi vya Njombe ukivifukia kwenye jivu unavitoa na ngozi imekunjamana, unapasua unaweka chumvi, unashika huku unahamisha mkono. Ulanzi, ile pombe ya mianzi, mwezi wa saba unakuwa umeshapotea, tunakunywa chai ya tangawizi.

Kuni nazo zina heshima zake. Mabanzi ya msindano kutoka Mafinga ni rahisi kupatikana na yanashika haraka lakini yana utomvu, yanalipuka cheche, kitenge kipya cha mama watoto kilipata nukta tatu na nimezilipia. Mkaratusi mkavu afadhali. Miwati ndo yenyewe, inatulia, makaa yake yanakaa. Na shimo liwe mbali na nyumba, langu lipo mita sita kutoka kwenye kenchi, na sijaliweka chini ya mti japo nilitamani kivuli.

Sasa ile nyota ya tano. NILISAHAU MATUNDU YA HEWA. Watu wazima watatu tumezunguka lile duara siku nzima na hakuna aliyewaza moto utavutia hewa wapi. Ukuta mzima sentimita 40 bila tundu, moto unakaa chini kama kwenye kisima, ukiweka kuni nyingi unakosa pumzi na moshi unaanza kutafuta mtu wa kumfuata, na kila siku unamfuata shemeji. Ilitakiwa tuweke vipande vinne vya bomba la inchi mbili kwenye kalibu chini kabisa, vipite toka bati la nje mpaka la ndani, baada ya siku mbili unavivuta, na tofali unaacha nafasi hapo hapo. Kazi ya dakika kumi. Sasa hivi kutoboa zege lile nataka drili kubwa na nina wasiwasi wa kuligusa. Nilichofanya nimechomelea wavu wa nondo nikauweka juu ya tofali nne, moto umepanda juu sentimita 15, hali imekuwa nzuri kiasi cha kutosha, ila najua kosa liko pale na kila nikiona moshi unapinda nalikumbuka.

Makosa mengine madogo. Udongo wa kichuguu unataka kukandikwa upya kila mwaka baada ya masika, jioni moja unamaliza. Mvua ikinyesha kabla sijafunika, siwashi moto mkubwa siku hiyo, naanza na magunzi kama mwanzo. Na kuna ufa mmoja mwembamba kama unywele, nje upande wa mimba, ulitokea mwezi wa tatu wa matumizi. Niliuwekea alama ya penseli mwishoni mwake na tarehe pembeni, Julai ya pili hii sasa inaisha na haujavuka mstari.

Hesabu kwa wanaopenda hesabu: saruji 34,000, kokoto toroli tatu 15,000, mchanga toroli mbili 6,000, bati 35,000, tofali 9,000, fundi na msaidizi 25,000, misumari na waya 4,000. Jumla 128,000. Mtu atasema rimu ya lori kwa wauza vyuma chakavu unapata kwa elfu 30 na kesho unaota moto, na hajakosea, kama umepanga nyumba chukua rimu, utahama nayo. Nusu pipa siipendi, linakuchoma miguu na baada ya mwaka kitako kimeoza. Ila kama kiwanja ni chako na una wiki sita za kungoja bila kuchokonoa, jenga.

Na anayetaka bati la kalibu asinunue, mtu wangu yeyote wa Iringa aniambie. Mara ya mwisho lilikuwa Ipogolo, sasa hivi liko Kihesa kwa shemeji, kajenga lake na kaweka mabomba manne ya hewa, ananipigia simu kila jioni kunisikilizisha moto wake unavyovuma.